Bin Nani

Jana usiku mwanangu alikitoa Peponi rafuni, akasoma kurasa mbili tatu, akanifuata jikoni. "Mama, mtu anawekwaje rehani? Si huwa simu na televisheni?"

Mawazo yakanirudisha Ng'ambo, Unguja, kwa Bibi, mwaka 2022.

Riwaya hiyo Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, Paradise. Niliisoma chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu. Bibi sikumsimulia. Hata Gurnah alipotunukiwa Nobeli, Oktoba 2021, Bibi aliniuliza jambo moja tu: "Kaandika nini?" Nikababaika. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakakichapa. Miaka 28! Nikanunua nakala, nikapanda boti.

Nilimkuta ukumbini, ungo mapajani, anachagua mchele. Akanambia nisome, yeye anasikiliza. Nikasoma habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12, anavyochukuliwa na Aziz, tajiri wa misafara, ambaye yeye anamjua kuwa ni ami yake. Vidole vya Bibi vinakwenda: chuya huku, kijiwe kule. Nikafika pale mtoto anapoambiwa kwamba yule si ami yake hata kidogo, babake kamtoa kwa deni. Vidole vikasimama juu ya mchele.

"Hebu rejea hapo."

Nikarejea.

"Kwetu akiwako mtu kama huyo," akasema, macho yako ungoni. "Kwa babu yangu. Sisi watoto tukimwita ami. Kaja mdogo, wala hapana aliyesema kaletwa na nani. Siku ya kumzika watu wakaulizana: bin nani? Hapana aliyejua."

Akaokota chuya moja, akaitazama kitambo, akaitupa. "Haya, endelea." Tukaenda hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Chuoni niliyapita maneno hayo yote, deni, ami, rehani, nikayapigia mstari kwa penseli. Mpaka leo sina hakika kama kitabu kile nilikuwa nimekisoma.

Basi nikamweleza mwanangu, na yule mzee nikamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jina lake nani?"

Bibi hakunitajia, nami sikumuuliza. Saa hizo keshalala. Tumekubaliana tumpigie asubuhi, akishamaliza chai.