Unga wa Jirani

Wiki ya uchaguzi wa Agosti 2017, mama mwenye nyumba wetu pale Tudor, Mombasa, alipita mlango kwa mlango akituhimiza tununue unga kabla ya Jumanne. Alikuwa mtu mzima aliyeona chaguzi nyingi. Tangu Mei serikali ilikuwa imeshusha bei ya unga wa ugali hadi shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, lakini bei ni jambo moja na kuupata ni jambo jingine. Nilibahatika kupata pakiti mbili. Nikaongeza dagaa, mafuta, tokeni za stima na bando la wiki nzima, kisha nikajifungia ndani. Nilikuwa na miaka 20, mwanafunzi, mzaliwa wa Nakuru. Sisi tuliokuwa watoto Nakuru mwaka 2008 jambo hilo hatuambiwi mara mbili.

Bando lilikuwa la kundi. Tulikuwa watu kama thelathini kwenye WhatsApp, wa Mombasa, Nairobi, Kisumu, Eldoret, Nakuru, na wawili wa Dar es Salaam. Tulianza kwa kutambiana magoli ya gemu za mpira. Baadaye mpira ukatuchosha tukahamia gemu za hadithi, na hapo ndipo kundi lilipopata roho. Mtu angemaliza gemu saa tisa usiku akatuachia ujumbe wa sauti wa dakika sita akieleza kwa nini alimwacha fulani afe, na asubuhi tungembishia mpaka chai ipoe. Wengi wao sijawaona kwa macho mpaka leo. Lakini nilijua nani hulala saa ngapi, nani baba yake anaumwa, nani hana kazi na anaona haya kusema.

Sharti letu lilikuwa moja. Admini aliliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: SIASA HAPANA. Nililipenda sana sharti lile. Nililiona kama ukuta, na sisi tuko ndani yake salama.

Gemu niliyokuwa nikicheza wiki ile inaitwa This War of Mine. Ilitengenezwa Warsaw, Poland, ikatoka Novemba 2014. Walioitunga walikuwa na Sarajevo akilini, mji uliozingirwa siku 1,425 kati ya Aprili 1992 na Februari 1996, raia wake wakienda kuchota maji huku wakilengwa risasi kutoka vilimani. Gemu za vita nilizozizoea hukukabidhi bunduki. Hii hukukabidhi nyumba iliyobomoka na watu watatu ambao si askari: Pavle aliyekuwa mwanasoka, Bruno mpishi, na Katia mwandishi wa habari. Mchana hakuna kutoka, wadunguaji wametega. Mnaziba matundu, mnaunda kitanda, mnahangaikia cha kupika. Usiku ukiingia unamtuma mmoja wao akatafute chakula na dawa, na chakula kilichobaki mjini kimebaki katika nyumba za watu.

Bibi yangu alikuwa bingwa wa ngano, na ngano zake zilijaa wezi. Lakini mwizi alikuwa mwingine kila siku: fisi, sungura, zimwi la msituni. Paukwa, pakawa, nasi tumekaa upande wetu wa moto tukisikiliza. Gemu haikuachi upande wako wa moto. Inakupa mkono, halafu inanyamaza kuona utaufanyia nini.

Ijumaa usiku, tarehe 11, Katia wangu alikuwa mgonjwa na akiba yetu ilikuwa imekwisha kabisa. Nikamtuma Pavle kwenye nyumba moja ambayo haina ulinzi wowote. Wanaishi humo mzee na mkewe. Hawana silaha, hawapigani. Ukianza kufungua kabati lao, mzee anakufuata chumba hadi chumba akikusihi uwaachie. Nilichukua chakula chote. Nikachukua na dawa. Hakuna polisi aliyetokea, hakuna alama nilizokatwa, hakuna sauti iliyonikemea. Pavle aliporudi nyumbani tu, gemu ikaniarifu kwamba ana huzuni.

Gemu ile hujihifadhi kunapokucha. Kabla hakujakucha ningeweza kuifunga nikaanza usiku ule upya, na yule mzee angebaki na dawa yake. Nilijua hivyo vizuri. Nikaacha kukakucha, kwa sababu Katia alihitaji dawa.

Ilikuwa yapata wakati huohuo, baada ya saa nne usiku, matokeo ya urais yakasomwa kule Bomas. Niliyasikia kwenye redio ya jirani, ukuta ni mwembamba. Nje Tudor ilikuwa kimya. Nikachukua simu, nikakuta kundi limewaka. Mwenzetu wa Kisumu alikuwa ameandika kwamba anasikia milio na kwamba wamezima taa wamelala sakafuni. Chini yake, kijana mmoja wa Bonde la Ufa, mtu niliyempenda kwa jinsi alivyojua kuchambua hadithi, alikuwa ameandika maneno matatu: madoadoa yaondoke sasa.

Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa neno hilo. Doa ni doa tu, la chai kwenye shati. Lakini kwetu, kuelekea uchaguzi wa 2007 na baada yake, madoadoa yalikuwa watu. Yalikuwa familia zilizohesabiwa kuwa si za pale, na kila aliyelisikia neno alijua kwamba doa hufuliwa. Miaka mingi baadaye, 2022, tume ya uwiano na utangamano ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Usiku ule halikuhitaji orodha. Wawili walijitoa kwenye kundi papo hapo. Mmoja akajibu kwa tusi la kabila. Admini akabandika sharti letu tena, SIASA HAPANA, na mara ya kwanza nikaliona lilivyo: lilikuwa likimnyamazisha yule aliyelala sakafuni Kisumu, si yule aliyeandika madoadoa. Enzi hizo WhatsApp ilikuwa haijaleta njia ya kufuta ujumbe kwenye simu za wote. Neno lilibaki pale.

Nililitazama neno lile, kisha nikatazama skrini ya kompyuta, ambapo Katia alikuwa amelala baada ya kunywa dawa ya wenyewe. Na nikakumbuka mtungi.

Januari 2008 nilikuwa na miaka 11. Tuliishi Kaptembwo, kwenye ploti ya vyumba kumi na bomba moja. Sisi tulikuwa namba 4. Namba 6 waliishi mama muuza maziwa, mumewe na watoto watatu, na wa katikati alikuwa rafiki yangu wa kucheza bano. Mitungi ya maji ilifanana yote, kwa hiyo kila nyumba iliandika namba yake. Wao waliandika 6 kwa rangi nyekundu ya kucha, kubwa, imeinama kidogo. Sitasema kabila lao wala letu. Anayeijua Kaptembwo atajua, na asiyejua hapungukiwi na kitu.

Desemba ilipita kwa wasiwasi, lakini Nakuru mjini ilishikilia. Kisha ile wiki ya mwisho ya Januari moto wa ghasia za baada ya uchaguzi ukafika kwetu. Ijumaa tarehe 25 tulishinda chini ya kitanda. Usiku wake namba 6 wakaondoka. Nilisikia mlango wao, nikasikia mtoto akinyamazishwa, nikasikia lori mbali. Baadaye tuliambiwa walipelekwa uwanja wa maonyesho, Showground, ambako maelfu walikuwa wakilala kwenye mahema. Kesho yake mlango wao ulikuwa umeshavunjwa. Watu wa ploti na wasio wa ploti waliingia na kutoka.

Kaka yangu alikuwa na miaka 19. Aliingia kwetu na nusu gunia la unga begani na mtungi mkononi. Maduka yalikuwa yamefungwa siku ya tatu. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Hakumuuliza kitu. Akasema tu, "Weka pale."

Nilikula ugali ule. Naweza kuapa kwamba hakuna ugali niliowahi kula kwa utamu ule, na nilijua unga ni wa nani. Jioni nikatumwa maji bombani na mtungi wenye namba 6, na mama mmoja wa namba 9 aliuona akageuza uso. Sikuambiwa nina huzuni. Kwetu hakuna aliyeandika popote.

Amani ilitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari, Kofi Annan, mpatanishi, amesimama katikati ya wale wawili waliogombania urais. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameshakufa nchini. Shule zikaendelea. Namba 6 akahamia mtu mwingine. Habari ya unga haikutajwa nyumbani tena, miaka tisa na nusu.

Usiku ule wa Tudor nikabonyeza kitufe cha sauti. Sikupanga la kusema. Nilianza na gemu: mzee, mkewe, kabati, dawa. Kisha nikasema, wandugu, mimi nimeshawahi kucheza hii kabla haijatengenezwa, nikawasimulia habari ya unga. Dakika tisa. Sauti ilinikatika mara mbili na sikuirekodi upya. Mwisho nikamwambia yule kijana kwa jina alilolitumia kundini kwamba madoa anayoyasema yeye, mimi nilikula chakula chao na bado nakumbuka ladha yake. Nikatuma.

Kimya. Nilitazama alama za buluu zikisubiri kuwaka. Wa Dar es Salaam mmoja akaandika "pole sana kaka," halafu hakuna. Admini hakunikemea wala hakunitetea. Nilikwishaamua kwamba nimelivunja kundi.

Saa tisa kasoro usiku kijana yule alinitumia ujumbe faragha. Hakuniomba radhi, na sidhani ilikuwa yangu ya kupokea. Aliandika: "Sisi tuna kochi." Baada ya dakika kadhaa akaongeza: "La watu watatu. Nimelikalia sasa hivi nikikuandikia."

Sikujua la kumjibu. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi. Akasema tisa. Tukaandikiana mpaka adhana ya alfajiri, mengi yakiwa ya kochi lile: rangi yake, jinsi mama yake alivyolitengenezea vitambaa, jinsi wageni wanavyolisifu. Kule kundini neno lake lilikuwa bado lipo, na Jumamosi asubuhi akaandika chini yake, mbele ya wote, kwamba analiondoa. Wawili waliojitoa hawakurudi. Siwalaumu.

Saa mbili asubuhi nikampigia mama Nakuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko kumetulia?"

"Kumetulia." Nikavuta pumzi. "Mama, ule mtungi wa namba 6 uko wapi?"

Nilisikia kuku nyuma yake. Nilisikia mlango ukifungwa. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeenda kusimama mahali pengine.

"Uko hapa. Nachotea maji ya kuku."

Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Wiki ya pili ya Februari 2008 alienda Showground na mtungi ule, na kilo mbili za unga ndani ya kiondo. Alizunguka mahema kutwa nzima akiuliza. Akaambiwa familia hiyo imepandishwa lori, imerudishwa ushago. Alirudi na mtungi na unga. Hakutuambia, maana angetuambiaje bila kumtaja kaka?

"Ile namba ilikuwa inafutika," akasema. "Nimeipaka rangi tena mara mbili. Sijui kwa nini. Nikiiacha ifutike itakuwa yangu."

Nikamuuliza kama tumtafute rafiki yangu, siku hizi watu hupatikana mtandaoni. Akasema nitafute, lakini nikimpata nisianze na mtungi, nianze na kumjulia hali ya mama yake. Akasema pia kaka nisimuulize kwa simu. Nije nyumbani.

Jumapili mwenzetu wa Kisumu alirudi kundini. Alikuwa mzima, familia yake nzima. Si wote walikuwa hivyo. Katika mtaa wa Nyalenda, hukohuko Kisumu, mtoto wa miezi sita alikuwa amepigwa kichwani ndani ya nyumba yao usiku uleule, na akafariki tarehe 15. Mwenzetu alisikiliza ujumbe wangu wote, kisha akauliza gemu inaitwaje na kama inaweza kuchezwa kwenye simu. Nikamwambia inaweza. Admini alikuwa ameshalifuta sharti letu. Hakuandika jingine mahali pake.

Kabla hajakata simu ile Jumamosi, mama alikuwa ameniuliza swali moja, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kila siku.

"Unga huko mmenunua?"

"Pakiti mbili."

"Mpe jirani moja."