Siku moja ya fundi wa hita za maji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sijanawa uso, simu inaita. "Fundi, hita imegoma, maji ni baridi kabisa. Halafu jana mtoto alisema bomba linamtekenya." Kwa maji baridi peke yake ningejigeuza nikalala tena kidogo. Hilo neno "linamtekenya" ndilo lililonitoa kitandani. Bomba halitekenyi mtu. Huo ni umeme. Nikamwambia, "Dada, zima swichi kuu ya nyumba sasa hivi, na bafuni asiingie mtu mpaka nifike."

Saa mbili. Nimezima breka ya hita, nikaibandika utepe na kikaratasi cha "usiwashe", ndipo nikarudisha umeme wa sehemu nyingine. Sasa ni zamu ya testa, kifaa kinachoonyesha kama waya una umeme. Kwanza naijaribu kwenye soketi ninayojua ina umeme: inawaka. Halafu nyaya za hita: kimya. Halafu narudi kwenye soketi ileile: inawaka tena. Dada ananiuliza kama nimesahau kwamba nilishapima pale. Sijasahau. Testa iliyokufa nayo hukaa kimya, na fundi anayeamini ukimya wa mara moja hakai sana kwenye kazi hii.

Nafungua kifuniko. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, unaning'inia, skrubu yake haijawahi kukazwa tangu hita ifungwe. Nachomoa nyaya za elementi, koili inayopasha maji, na kuweka mita. Elementi ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inatakiwa isome kama omu 26. Hii haisomi kitu, maana yake koili imekatika. Lakini nikigusisha pini moja na ganda la chuma la elementi, pale pasipotakiwa kusoma chochote, mita inasoma. Basi umeme ulikuwa unavuja kwenye maji na tangi, na ethi ambayo ingeubeba haikuwepo. Mtoto alikuwa na bahati.

Kumwaga maji ndiko kunakokula muda. Nafunga koki ya maji baridi, nafungua bomba la moto ili hewa iingie, navalisha mpira kwenye koki ya chini ya tangi. Elementi inatoka imevaa ukoko mweupe wa chokaa, mnene kuliko kidole gumba, umepasuka upande mmoja. Chini ya tangi nachota chokaa konzi tatu. Nachomoa na anodi, ile fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu ili chuma cha tangi kisiliwe. Imebaki waya wa katikati tu. Ingekaguliwa kila mwaka au miaka miwili, ingebadilishwa mapema. Watu wengi hawajui hata kama imo.

Elementi mpya, gasketi mpya, anodi mpya, ethi imekazwa. Najaza tangi, bomba la moto likiwa wazi, nasubiri liache kutema hewa na maji yatiririke moja kwa moja. Hapo tu ndipo breka inapandishwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwasha tangi likiwa halijajaa, elementi mpya ikaungua kabla sijafunga boksi la vifaa. Nilinunua nyingine kwa pesa yangu. Kabla ya kuondoka nikamwomba dada aweke breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30.

Saa saba mchana. Kazi ya dakika kumi: kitufe cha usalama cha themostati, kidhibiti joto cha hita, kimeruka. Nimeona themostati imeungua, nimebadilisha. Jamaa alikuwa ameshakibonyeza mara tano tangu jana. Kikiruka mara moja, bonyeza. Kikirudia, kuna kinachokirusha.

Saa tisa alasiri, kwa mzee mmoja. Ameniita kwa sababu hita inanguruma. Nachungulia pembeni ya tangi nikahisi jasho linanitoka: mdomo wa valvu ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi, umezibwa kwa plagi ya chuma, uzi wa skrubu umezungushiwa utepe mweupe kwa ustadi kabisa.

"Ilikuwa inadondosha maji, kijana. Nikaiziba."

Nikazima umeme kwanza, mazungumzo baadaye. Maji yakipashwa yanatanuka. Tangi la lita 80 likitoka nyuzi 20 kwenda 60, maji yanaongezeka kama lita 1.2, na kama bomba la baridi lina valvu isiyorudisha maji nyuma, hayo ya ziada hayana pa kwenda isipokuwa kwenye hiyo valvu ya usalama. Kudondosha wakati wa kupasha ni kazi yake. Ikidondosha usiku na mchana, hata maji yakiwa baridi, hapo ndipo kuna tatizo: presha imezidi au valvu imechoka. Ukiiziba, themostati ikakwama siku moja, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka, yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja.

Mzee akakaa kwenye kiti. "Na mimi nimeoga humo mwezi mzima."

Tukangoja maji yapoe, nikaweka valvu mpya. Ule mngurumo ulikuwa chokaa tu, nikaisafisha. Themostati nayo alikuwa ameishusha hadi 40 ili kubana matumizi; nikairudisha 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, nikamfungia na valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi, maana maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ndani ya sekunde chache.

Saa moja usiku. Navua viatu, simu inaita.

"Kijana, inadondosha tena."

"Vizuri, mzee. Weka ndoo, kesho nakuja na bomba la kuyapeleka nje."

"Nisiizibe?"

"Mzee!"

Akacheka, akakata simu.