Vitumbua vya leo asubuhi

Vimetoka vimevimba, pembeni vikavu, katikati laini. Katika vitu vinavyonifurahisha wiki hizi, hivi ndivyo namba moja. (Namba mbili ni chai ya rangi yenye mchaichai. Ya maziwa nimeipumzisha.)

Mchele vikombe 2, uloweke usiku kucha. Punje ikivunjika kwa kucha, iko tayari.

Chuja maji, saga na tui zito kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kidogo 1 na hiliki. Tui liwe vuguvugu tu. La moto linaua hamira. Saga mpaka ukipima kwa vidole usisikie chenga.

Funika kama saa 1, mpaka uone mapovu juu. Usiongeze maji ovyo: uji mwepesi unatoa vitumbua bapa.

Sasa chuma cha vitumbua, kile kikaango chenye mashimo. Hapa ndipo wengi wanaponunia mapishi bure. Chuma kipya kikolezwe mafuta kwanza, la sivyo kila kitumbua kitang'ang'ania shimo lake. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali, nje inaungua na ndani unabaki uji. Mafuta kijiko kidogo kila shimo, jaza robo tatu, geuza kwa kijiti cha mshikaki kingo zikishakauka.

Ile sauti ya "chwaa" uji ukigusa mafuta! Isiposikika, chuma bado hakijapata moto.

Sukari ukizidisha, vinababuka haraka.

Nyie mnaweka hiliki, au mdalasini? Na wiki hizi ni nini kinawapa raha? Semeni hapa chini.