Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Kilatini, Mbwa Mwenye Ushuzi na Fisi wa Njia Panda

Saa 11 na nusu alfajiri

Barua pepe ya kwanza ya leo imetoka kwa mzazi. Mwanawe amerudi nyumbani na kitabu cha picha kinachohusu mbwa anayejamba, na mzazi anauliza kama hicho ndicho Kilatini ambacho shule inafundisha. Ameandika kwa adabu, ila herufi kubwa zimezidi. Naiweka kando. Chai haijachemka, na swali kama hilo linataka jibu la mtu aliyeamka sawasawa.

Kwa msionijua: nafundisha Kilatini katika sekondari moja ya serikali hapa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Lugha yenyewe niliipata seminari ndogo kule Kagera, tulikokariri miisho ya majina kwa sauti mpaka taa zizimwe. Upadri haukuwa fungu langu, Kilatini kikabaki. Ndugu zangu Bukoba bado wanaamini kwamba nafundisha dini.

Saa 1 na robo asubuhi

Niko darasani kabla ya kengele. Nyuma ya meza yangu kuna rafu ambayo wanafunzi wanaipenda kuliko kitu kingine chochote humu ndani, na wakaguzi huitazama kwa jicho la pembeni. Ni vitabu vya watoto vya kuchekesha vilivyotafsiriwa kwa Kilatini.

Mzee wa rafu ni *Winnie ille Pu*, yaani hadithi ya yule dubu Winnie-the-Pooh. Aliyekitafsiri ni Alexander Lenard, daktari wa Kihungaria aliyehamia Brazili, akakichapisha São Paulo mwaka 1958 kwa nakala chache tu. Miaka miwili baadaye kilitoka New York, kikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya *New York Times* na kukaa humo wiki 20. Kitabu cha Kilatini! Mimi naamini kwamba wengi walionunua hawakuvuka ukurasa wa tatu. Lenard alichota misemo kwa Horatius na Vergilius, akamvalisha dubu wa watoto joho la washairi wa Roma. Ni kazi nzuri mno, lakini ni ya mtu mzima anayejichekea peke yake kwenye kiti. Mtoto wa mwaka wa kwanza ukimpa, analia.

Hapo ndipo nabishana na wenzangu wanaodhani kitabu cha watoto ni Kilatini chepesi. Si chepesi hata kidogo.

Saa 2 na nusu

Kilatini cha Kwanza. Wana usingizi, nje theluji inaanguka, na nusu yao wamevaa kofia za majaketi yao humu humu ndani. Nawasha projekta, nawaonyesha ukurasa wa *Orbis Sensualium Pictus*, kitabu cha mwalimu Comenius kilichotoka Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1658, Kilatini na Kijerumani bega kwa bega. Hiki ndicho mara nyingi hutajwa kuwa babu wa vitabu vya picha vya watoto, na kilizaliwa kufundishia Kilatini. Kinaanza na alfabeti ya milio: kunguru, mwanakondoo, panya, bata, kila mmoja na kitenzi chake na mlio wake. Panya kwa Kilatini cha Comenius *mintrit*, yaani analia. Wanafunzi wanapokezana kulia kama wanyama mpaka mwalimu wa hesabu anagonga ukuta.

Kisha nawasomea kwa sauti *Virent Ova! Viret Perna!!*, ile hadithi ya mayai ya kijani na paja la nguruwe. Kwa Kiingereza mwandishi wake, Dr. Seuss, alitumia maneno 50 tu tofauti, baada ya mchapishaji wake kumwekea dau kwamba hataweza. Kwa Kilatini hesabu hiyo inavunjika, kwa sababu kila jina na kila kitenzi kinabadilisha mkia kulingana na kazi yake katika sentensi. Kwa hiyo siwapi wasome. Nasoma mimi, wao wanatazama picha. Sahani inasogezwa, mtu anakunja uso, anakataa, anafuatwa mpaka kwenye gari moshi. Mwishoni mwa kipindi kila mmoja anajua kukataa chakula kwa Kilatini, na hakuna aliyefungua kamusi.

Saa 5

Kilatini cha Tatu. Hawa ndio ninaowapa kitabu mkononi, *Cattus Petasatus*, yaani yule paka mwenye kofia wa Dr. Seuss. Waliokitafsiri mwaka 2000 ni Jennifer na Terence Tunberg, na Terence alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kentucky, hapa hapa mjini. Yeye ndiye pia aliyeanzisha Conventiculum Lexingtoniense, mkusanyiko wa kiangazi ulioanza mwaka 1996, ambapo watu wazima wenye akili timamu huahidi kuzungumza Kilatini tupu kwa siku kadhaa, hata wakiomba chumvi.

Wafasiri hao walikataa njia ya mkato. Wangeweza kuandika nathari wakamaliza mapema. Wao walirudi kwenye tenzi za kanisa za Zama za Kati, zenye vina na mapigo ya kuhesabika. Nawaambia wanafunzi wapige meza huku nikisoma *Dies irae, dies illa, solvet saeclum in favilla*. Mizani nane, kina. Mizani nane, kina. Halafu nawafungulia paka: mizani nane, kina. Wimbo wa siku ya kiama na paka anayevuruga sebule vinatembea kwa miguu ile ile.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanafunzi wangu wa Kimarekani hawalioni, lakini msomaji wa Kiswahili ameshaliona. Mizani nane kwa kipande, vina vinavyofuatana: huo ni utenzi. Siku ya kwanza kukutana na paka huyu nilijikuta namsoma kwa lahani ya utenzi, na amekaa vizuri kabisa. Leo nimewaghania beti mbili hivyo hivyo. Mmoja akauliza, “Magister, hiyo ni rap?” Nikamwambia ni kongwe kuliko rap, apige meza.

Saa 6 mchana

Chakula: wali wa jana na maharage, katika chumba cha walimu. Sasa namjibu mzazi.

Kitabu chenyewe ni *Walter Canis Inflatus*, toleo la Kilatini la mwaka 2004 la hadithi ya mbwa ambaye tumbo lake haliishi kuchafua hewa. Ningeweza kuomba radhi. Badala yake namwandikia kwamba mwanawe akivumilia miaka miwili mitatu atamsoma Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anayesimulia kwamba Kaisari Claudius alisemekana kufikiria kutoa amri ya kuruhusu watu wajambe karamuni. Kisha atamfikia Horatius, ambaye katika satira ya nane ya kitabu cha kwanza anaweka sanamu ya Priapus, mungu wa bustani, iliyochongwa kwa mti wa mtini. Sanamu inawaona wachawi wawili usiku, inaogopa, inajamba kwa kishindo mpaka makalio yanapasuka, na wachawi wanatimua mbio mjini, mmoja akidondosha meno yake ya bandia na mwingine nywele zake. Haya yapo katika fasihi inayoheshimiwa kuliko zote barani Ulaya. Mbwa wetu ni mpole sana akilinganishwa na hayo.

Naongeza mstari kwamba nikimpa mtoto vitabu vya vita vya Julius Caesar siku ya kwanza, vita na mitaro na magunia ya nafaka, ananiacha. Natuma. Maharage yamepoa.

Saa 7 na nusu mchana

Kipindi ninachokipenda. Kilatini cha Pili wanatengeneza vitabu vyao vya picha. Masharti yangu ni machache: kurasa nane, sentensi fupi, na picha ibebe kile ambacho sentensi haikusema. Wengi wameleta mambo ya hapa. Kuna kindi anayeiba piza, na mwalimu anayefanana nami kwa namna isiyonifurahisha anayeliwa na kabati.

Furaha, ambaye familia yake ilitoka Uvira, amemleta Fisi. Mnamjua huyo. Amefika njia panda, harufu ya nyama inatoka kulia, harufu ya nyama inatoka kushoto, hataki kukosa hata moja, anaweka mguu huku na mguu kule, anapasuka msamba. Furaha ameandika kwa Kilatini cha kawaida, sahihi, na hakichekeshi.

Tumekaa nacho karibu kipindi kizima. Nikamwambia kuhusu Hercules, ambaye Cicero, mwandishi wa Roma, anamtaja katika *De officiis*, kitabu chake kuhusu wajibu: kijana shujaa njia panda, njia moja ya Raha na nyingine ya Wema, anakaa peke yake anatafakari kwa muda mrefu. Furaha akanyamaza, akachukua kifutio. Sasa ukurasa wa tatu unasema *Hyaena in bivio constitit*, na Fisi amechorwa ameshika kidevu, macho yameelekea mbinguni, mdomo unadondosha mate. *Dextra caro. Sinistra caro. Utram viam eligam?* Kulia nyama, kushoto nyama, nichague njia ipi? Jirani yake aliposoma alicheka mpaka penseli ikamtoka.

Hii ndiyo siri ambayo watafsiri wazuri wa vitabu hivi wanaijua na wabaya hawaijui. Mbaya huhangaika kuchekesha kwa maneno, hutunga misimu ya kisasa, huweka alama za mshangao. Mzuri huacha Kilatini kikae na heshima zake zote, kimevaa joho, halafu picha inaweka ganda la ndizi chini. Ukilegeza joho hakuna mwanguko wa kuchekesha.

Kwa mwisho nilimpa Phaedrus, mtumwa aliyeachwa huru na Augusto, aliyeandika ngano kwa mashairi. Chura wake anayejipuliza ili alingane na ng'ombe anaishia *rupto iacuit corpore*, akalala mwili umepasuka. Maneno matatu. Furaha ameyachukua yote bila kubadilisha hata herufi. Nimemwambia Warumi wenyewe waliibiana hivyo hivyo, asiwe na wasiwasi.

Kengele. Basi za shule.

Saa 11 jioni

Maktaba ya umma, msaada wa kazi za nyumbani. Lexington ina Wakongo wengi, na meza yetu huongea Kiswahili cha kila aina: cha Uvira, cha Bukavu, cha Lubumbashi, na changu wanachosema ni cha redio. Leo ni sehemu ndogo ndogo za hesabu, na barua moja ya kampuni ya umeme ambayo si kazi ya nyumbani ya mtu yeyote lakini inahitaji kusomwa.

Mama Furaha amekuja kuwachukua wanawe. Mdogo wa Furaha, mwenye miaka mitano, amekishika kitabu cha dada yake na anakipitisha kwa kidole, Kilatini hajui, Kiingereza anaanza. Alipofika ukurasa wa saba akapiga kelele, “Amepasuka!”

“Mwalimu, hii njo luga gani?” mama akauliza.

“Kilatini, Mama.”

“Luga ya misa ya zamani?”

“Hiyo hiyo. Lakini hapa ni Fisi.”

Akakitazama kitabu vizuri, ukurasa kwa ukurasa, akicheka taratibu kwa pua. Kisha akarudi ukurasa wa tatu na kuweka kidole kwenye nyama mbili ambazo Furaha amezichora sawasawa kabisa. Akasema bintiye ameharibu hadithi. Huku ilikuwa ya mbuzi, kule ilikuwa ya ng'ombe. Nyama zingekuwa moja, Fisi angesumbuka kwa nini? Furaha akabisha kwamba bibi yake hakutaja nyama gani. Mama akasema bibi alikuwa mama yake yeye, na yeye ndiye aliyekuwepo.

Mimi nimekaa upande wa mama. *Caro caprina, caro bubula.* Furaha amekubali kwa shingo upande, na ameniomba penseli ya kahawia ya kutofautisha ng'ombe.