Riva del Garda kwa Treni na Basi, Nikiwa na Mama

Mama alipokuja kunitembelea Verona, ninakosoma shahada ya uzamili, nilitaka auone mji wa kale ulio kando ya ziwa na chini ya milima, nikachagua Riva del Garda, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Garda, ambalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote nchini Italia. Sina gari, na magoti ya mama hayawezi tena ngazi nyingi, kwa hiyo kabla sijafikiria tutaona nini, nilipanga kwanza wapi tutakaa kupumzika na tutarudi kwa basi la saa ngapi.

Riva haina stesheni ya reli. Treni za njia ya Verona kuelekea Brennero husimama Rovereto, na pale tulishuka tukapanda basi. Nilimkalisha mama dirishani kwa makusudi, kwa sababu njia ile inayopita Mori, Loppio na Nago hadi Torbole ndiyo iliyopitiwa na merikebu za Venice mwaka 1439. Wakati huo Venice ilikuwa vitani na akina Visconti, watawala wa Milan, mji wake wa Brescia ulikuwa umezingirwa, na upande wa kusini wa ziwa ulikuwa mikononi mwa adui. Ikaamuliwa vyombo viingizwe ziwani kwa kuvushwa milimani. Vilipandishwa katika mto Adige hadi karibu na Mori, vikatolewa majini, vikaburutwa juu ya magogo kwa nguvu za watu na maksai, vikapitishwa katika ziwa dogo la Loppio, vikapandishwa hadi mlango wa milima, kisha vikateremshwa Torbole. Leo Loppio ni bonde la majani na matete, kwani maji yake yalitoweka katika miaka ya 1950, wakati lilipochimbwa handaki la kupeleka maji ya mafuriko ya Adige katika Ziwa Garda ili kuinusuru Verona.

Nilimsimulia mama haya yote ndani ya basi. Yeye ni binti wa nahodha wa jahazi wa Pangani, na swali lake halikuwa la vita. "Mwanangu, kupandisha naelewa, watu wakiwa wengi chombo kitapanda. Kushusha je? Walikizuia kwa kitu gani kisiporomoke?" Nikamjibu kwamba zilitumika kamba, na kwamba masimulizi yanasema waliungoja upepo wa mchana utokao kusini, wakatweka matanga ili upepo uvisukume vyombo kinyume na mteremko. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muda si mrefu, tukiwa tumeipita Nago, ziwa likatokea lote mbele yetu, na mteremko wenyewe akauona kwa macho yake.

Tulifika Riva asubuhi, na hilo nawasisitizia wote wanaopanga kwenda. Uwanja mkuu, Piazza III Novembre, umefunguka moja kwa moja kwenye bandari ndogo, una baraza zenye matao za kukaa kivulini, na juu yake umesimama mnara wa Torre Apponale wenye urefu wa mita 34. Jina la uwanja ni la tarehe 3 Novemba 1918, siku uliposainiwa mkataba wa kusitisha vita kati ya Italia na Austria-Hungaria. Hadi hapo Riva ilikuwa mji wa Austria, na ndiyo maana ngome yake ya majini, Rocca, iliwahi kuwa kambi ya wanajeshi wa Austria. Rocca inafaa sana kwa mzee, kwa kuwa imo kandokando ya ziwa kwenye ardhi tambarare, imezungukwa na mfereji wa maji, na ndani yake kuna makumbusho ya mji.

Hata hivyo, tukiwa bandarini, mama alikuwa anautazama upepo zaidi kuliko majengo. Ulikuwa unatoka milimani kuelekea kusini, na maji yalikuwa yamefanya mawimbi madogo makali. "Huu ni umande," akasema, yaani upepo wa asubuhi utokao nchi kavu. "Subiri jua lipande, utageuka." Wenyeji huuita Pelèr. Hewa iliyopoa usiku huteremka kutoka milimani, na miamba ikishapata joto la jua hewa hupanda na kuvuta nyingine kutoka nyanda za kusini, ndipo unapoanza upepo wa mchana uitwao Ora. Kabla ya kuwapo injini, mashua za mizigo zilishuka kusini kwa Pelèr na kurudi kwa Ora.

Juu ya mji, ubavuni mwa mlima Rocchetta, kuna Bastione, ngome ya duara iliyojengwa na watu wa Venice, ambao waliitawala Riva kuanzia 1440 hadi 1509. Wafaransa waliibomoa mwaka 1703, na kilichobaki ni kuta nene za mawe. Kwa miguu ni kupanda mlima, lakini siku hizi ipo lifti inayopanda kwa mshazari, nasi tulipanda nayo. Kwa maoni yangu hakuna mahali panapoueleza mji huu vizuri zaidi: kutoka pale unaona mapaa ya udongo yamebanwa kati ya jabali na maji, na unaelewa kwamba kwa karne nyingi njia rahisi ya kutoka ilikuwa ni ziwa.

Tukiwa juu, adhuhuri imepita, bendera zikageuka. Ora ilikuwa imeanza, na upande wa Torbole matanga ya rangi nyingi yakaanza kujaa ziwani. Mama akaniuliza ni saa ngapi, kisha akataka kujua kama kuna meli ya abiria ya kwenda kusini, ili safari nyingine tupite majini wenyewe. Ipo, inakwenda Malcesine na kuendelea, na tuliposhuka tulipitia gatini kuchukua ratiba yake kabla ya kwenda kituo cha basi.