Tisini ya Nani?

Shemeji yangu wa Maskati alikuja likizo mwisho wa Disemba 2020, na ndani ya begi lake, katikati ya kanzu mbili, mlikuwa na sidii ya Cyberpunk 2077. Nilimwagizia mwenyewe. Gemu ilitoka tarehe 10 mwezi ule, na siku chache kabla yake nilikesha na simu nikisoma wahakiki wa gemu, naona wastani wa alama zao umesimama kwenye 90 kwa 100. Nikamwambia shemeji asisubiri bei ishuke, ainunue siku ile ile. Nina chumba cha kuchezea gemu kwa malipo hapa Unguja, na nilishawaona vijana wa Jang'ombe wamejipanga mpaka nje barazani.

Niliitia kwenye PS4 yangu kongwe, mashine ya gemu ya Sony, ile ya toleo la 2013 inayovuma kama mashine ya kusaga. Watu ndani ya gemu wanakuja hawana sura. Unasimama nao, unasubiri sura ziwafike. Gari inaibuka mbele yako haijulikani ilikotoka. Mara ya tatu gemu ilipojizima yenyewe, mteja wangu wa kwanza, fundi simu wa Darajani, aliweka pedi ya kuchezea chini taratibu kabisa, kama mtu anayerudisha chai iliyotiwa chumvi.

"Ami, nirejeshee jero langu."

Nikamrejeshea.

Mambo yalivyokuwa nilikuja kuyasoma baadaye. Wahakiki waliopata gemu kabla ya siku yake walipewa ya kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa mwanzoni kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Walitumia zilizotoka kwa kampuni. Toleo la PS4 hawakuliona mpaka sisi tulipoliona. Wiki moja tu baada ya gemu kutoka, Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. Ukiitafuta leo kwenye Metacritic, tovuti ya wastani wa alama za wahakiki, utakuta ya kompyuta ina 86, ya PS4 ina 57. Jina moja, jalada moja, na baina yao alama 29. Ile 90 niliyoikesha ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya mwenye kompyuta kali, na mie sina.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu. Msimu ukifika, baada ya kuchambua na kuanika, baba alinichukua kituoni kwenda kuuza, na kitu nilichokipenda pale ni mpimaji. Hakuangalia karafuu za juu. Alitia mkono mpaka chini ya gunia, akatoa kiganja, akakimwaga mezani. Anatenga makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyoponyoka, anaitazama rangi, kisha anachukua karafuu moja anaivunja mbele ya macho yako. Ikikatika, imekauka. Ikipinda, ina maji, na hakuna kiapo kitakachoikausha. Hapo ndipo anapotamka daraja. Baba alibisha kila mwaka, kwa sababu kubisha ni sehemu ya kuuza, lakini alibishana na kitu kilichokuwa pale mezani, wote wawili wanakiona.

Sasa mtu akinitajia alama ya gemu, nami huuliza karafuu iliyovunjwa iko wapi.

Metacritic, kwa asiyeijua, wao wenyewe hawachezi. Tangu 2001 kazi yao ni kukusanya alama za magazeti na tovuti, wanazigeuza zote ziwe kwa 100, wanatoa wastani, wanaupaka rangi: kijani kuanzia 75, njano katikati, nyekundu chini ya 50. Na huo wastani una mizani ndani yake, maana wahakiki wengine huhesabiwa zaidi kuliko wenzao, na nani anahesabiwa zaidi kiasi gani ni siri yao. Isitoshe, hawa wanaokusanywa hawatumii kipimo kimoja. Gazeti la Edge la Uingereza likitoa 5 lina maana ya katikati kweli. Kwengine 5 ni maiti, na 7 ni gemu ambayo mhakiki hakuipenda lakini hakutaka ugomvi. Zote zinatiwa chungu kimoja. Ni kujumlisha kilo na ratili halafu ukasema jumla ni kumi na mbili.

Na hesabu hiyo watu huilia. Gemu ya Fallout: New Vegas ya 2010 ilitengenezwa na kampuni ya Obsidian, na mmoja wa wabunifu wake, Chris Avellone, alikuja kueleza mwaka 2012 kwamba makubaliano yalikuwa bonasi kama wastani wa Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Pointi moja! Karafuu ikikosa daraja la kwanza, mkulima analipwa la pili. Hawa walikosa bonasi nzima.

Wajapani wa gazeti la gemu la Famitsu nawapenda kwa jambo moja. Tangu 1986 gemu moja inatiwa mikononi mwa watu wanne, kila mmoja anatoa yake kwa 10, jumla 40. Ya kwanza kupata 40 kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Lakini raha yangu haiko kwenye 40, iko kwenye zile nne kabla hazijajumlishwa. Ukikuta watatu wametoa 9 na mmoja 6, yule wa 6 ndiye ninayetaka kumsoma. Ni kama mashindano ya Qur'ani ya Ramadhani: majaji wamekaa na karatasi zao, mtoto anaanza, akisita kuna kalamu inayoshuka, na wewe uliyekaa nyuma unajua kabisa ilishuka kwenye aya gani. Pale mtoto anaanza na alama zote, akiteleza anakatwa. Wahakiki wa gemu sijawahi kuona wakisema wanaanzia wapi. Kumi wakakata, au sifuri wakapanda? Naona wengi huanzia 7 wakatazama upepo.

Kuna jambo jengine linalonitenga nao, nalo ni mpira. Kila mwaka gemu za mpira zikitoka, mhakiki analalamika kuwa ni ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha jezi tu. Ni kweli, na kwake ni kosa, maana kazi yake ni kueleza jipya. Kwangu hiyo ni sifa. Nimefungua chumba hiki na PS2, na FIFA 14, ya mwisho kutolewa kwa PS2, ilinilisha miaka kadhaa baada ya Sony kuacha kuzitengeneza mashine zenyewe. Vidole vya wateja vilishajua kila kitu. Mtu anataka timu yake iwe na wachezaji wa msimu huu, na pasi itoke vile vile ilivyotoka jana. Ilipokuja eFootball 2022, Septemba 2021, Konami, kampuni yenye gemu hiyo ya mpira, waligeuza kila kitu kwa mpigo na wakaitoa haijaiva. Wachezaji kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliipiga mpaka ikawa miongoni mwa zilizochukiwa zaidi pale, na kampuni ikaomba radhi siku ya pili yake. Nilisoma habari zile nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mbele yangu vijana wanne wanapigana mpira wa zamani, wala hawana habari kama dunia inalia.

Ndiyo maana nina daftari. Ni la skuli, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila gemu inayoingia naiandikia, lakini namba sitii. Nina maneno matatu: Inalipa Umeme, Isubiri, na Rafu ya Juu, yaani ikae huko isiguswe. Tovuti ya gemu ya Eurogamer nao waliacha namba mwaka 2015, wakaweka maneno, nikafurahi kweli. 2023 wakarudi na nyota tano. Mie bado nimekaza.

Ninachouliza si wanachouliza wao. Hii hapa ya Tekken 7, gemu ya kupigana, kama ilivyo daftarini: "Pedi mbili kioo kimoja, ndiyo. Bila ya intaneti, inakwenda. Round haikawii, anayesubiri hachoki. Mgeni anaweza kumpiga bingwa kwa kubonyeza ovyo, na imetokea, bingwa akaondoka bila kuaga. Kitufe cha mraba cha pedi namba 3 kimekwisha. INALIPA UMEME." Hakuna mhakiki aliyeniambia habari ya kitufe. Yeye anacheza peke yake usiku, kwa pedi mpya, gemu amepewa, na saa za kuimaliza anazo. Mie nauza dakika. Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya mechi, hiyo pia ni sehemu ya gemu.

Lakini nami nimekosea, tena vibaya, na inanipasa niseme.

Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018. Sidii mbili, ya kwanza kazi yake kujaza mashine tu, nikakaa mchana mzima natazama mstari unasogea. Nikaicheza saa mbili. Theluji, farasi anatembea, watu wanazungumza, farasi anatembea tena. Nikaandika "RAFU YA JUU", na kwenye kundi letu la WhatsApp nikatuma sauti ya dakika tatu kuwasema wahakiki walioipa wastani wa 97 kuwa wamelewa. Saa mbili kwa gemu ambayo hadithi yake peke yake inataka hamsini! Mpimaji wa Wete angenicheka. Niligusa za juu ya gunia.

Aliyeishusha kutoka rafuni ni mzee mmoja mlinzi wa usiku kwenye maduka ya Mlandege. Alikuwa akipita asubuhi akitoka kazini, siku hiyo mvua ikamtia ndani. Akaniuliza kama kuna gemu isiyo na kupigana. Nikacheka, nikamwekea hiyo, nikamwonyesha vitufe viwili vitatu. Ujana wake alikuwa na gari la punda, akibeba mchanga na matofali. Tangu siku ile anakuja mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu asubuhi, analipa saa yake mkononi kabla hajakaa. Kazi alizopewa ndani ya gemu hafanyi hata moja. Anapanda farasi, anakwenda polepole mpaka mtoni, anashuka, anamlisha, anamsugua brashi. Vijana walimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakaanza kumshauri njia.

Juzi nilikuwa nafagia, ananiuliza bila kugeuka:

"Mwanangu, hii wale wapimaji wako wameipa ngapi?"

"Tisini na saba, mzee."

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Akamaliza upande mmoja wa shingo ya farasi, akahamia wa pili.

"Na zile tatu wamekata kwa nini?"