Jahazi lisilo na mabaharia

Siku niliyomaliza kulikalafati jahazi langu, Ami aliingia kibandani kwangu Darajani, Unguja mjini, akalizunguka mara mbili bila ya kusema neno, akaligonga ubavuni kwa kucha kama mtu anayechagua nazi, kisha akauliza:

"Na mabaharia wake wako wapi?"

Nilicheka. Nilimwonesha rimoti. "Hawa hapa, Ami. Wawili. Mmoja wa usukani, mmoja wa demani."

"Wawili," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Ilikuwa Agosti 2014, wiki mbili baada ya Idi. Kwa miezi minane, kila nikishafunga kazi ya simu za watu, nilikuwa nakaa usiku kuunda jahazi la sentimita 75. Lile la kweli lilikuwa la mita 15, na ndilo Ami alilofanyia ubaharia ujanani, akileta boriti kutoka Rufiji. Halipo tena. Nilichokuwa nacho ni picha moja iliyopauka na kichwa cha Ami. Nilimuuliza kila kitu: mataruma, zile mbavu za chombo, ni mangapi, mlingoti umelalia mbele kiasi gani, foromali, ule mti unaobeba tanga, limeungwa kwa vipande vingapi. Yeye alipima hewani kwa mikono, mimi nikagawa kwa 20.

Mataruma niliyachonga kwa vijiti vya mkoko. Mbao za ubavuni nilizipasua kutoka kitanda kibovu cha mninga. Nyuzi za pamba nilizichovya mafuta ya nazi, nikazishindilia kwenye maungio kwa bisibisi ile ile ninayofungulia simu. Chini nilipaka deheni ya kweli, shahamu na chokaa, na wiki nzima wateja walikuwa wakiniuliza kama kuna panya amekufa humu ndani. Tanga ni la kitambaa cha marekani, nililolichovya kwenye chai ya rangi ili lisionekane jipya.

Vyombo vya umeme niliagiza kwa binamu yangu Dubai. Sevo, yaani mota inayotii rimoti, ndogo ya usukani, nyingine yenye nguvu ya kuvuta na kulegeza demani, kamba ya tanga, na risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti, niliyoifunga kwa mifuko mitatu ya plastiki na kuilaza ngamani, mahali pa shehena. Waya wa antena niliupandisha mlingotini, kwa sababu masafa ya gigahezi 2.4 yakikutana na maji ya chumvi hayafiki popote. Risiva ikizama, umepoteza chombo.

Lililoninyima usingizi lilikuwa uzito. Ukigawa urefu kwa 20, eneo la tanga linagawika kwa 400, na uzito unagawika kwa 8,000. Jahazi la tani 40 linakuwa la kilo tano. Upepo haugawiki. Kusi la kilomita 20 kwa saa, ambalo baharia halimshughulishi, kwa jahazi langu ni kama linavuma karibu kilomita 90. Wenye mchezo huu duniani kote wana dawa yake: mkuku wa bandia, kipande cha bati kinachoshuka chini ya chombo kikiwa na risasi nchani, unakifunga unapokwenda majini na kukifungua unaporudi kuliweka jahazi kabatini. Nilikitengeneza. Niliyeyusha kilo mbili za chubwi kwenye kopo la maziwa. Ami alipokiona alikisukuma kando kwa kidole.

"Jahazi halina mguu. Ongeza farumi."

Basi Jumapili ile tulikwenda Maruhubi, kule majahazi yanakopwelewa karibu na magofu ya kasri la Sultani Barghash, tukiwa na farumi, uzito wa kulituliza jahazi, ya kokoto ngamani na ule mguu nimeuficha ndani ya mfuko wa mkate. Kusi lilikuwa linatoka nchi kavu kwenda baharini, laini, likija kwa vipande. Niliingia hadi magotini, nikaliweka jahazi majini, nikaliachia.

Lilikwenda labda hatua sita. Kisha upepo ukaja kipande kizima, tanga likajaa, na jahazi likalala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Watoto waliokuwa wanaogelea walipiga kelele za furaha. Nililinyanyua likichuruzika, nikasikiliza sevo: bado inalia. Alhamdulillahi.

Ami hakusema kitu. Alikwenda kuzungumza na mafundi waliokuwa wanatia mbao mpya kwenye mashua chini ya mkungu, na mimi nikageuka mgongo, nikamwaga kokoto zote, nikafunga mguu kwa skrubu mbili. Mtoto mmoja aliniona. Nilimpa mia mbili.

Safari ya pili sitaisahau. Lilisimama. Upepo ulipokuja liliinama kidogo, likafikiri, likainuka, likaenda. Maji yaligawika omoni, mbele ya chombo, mistari miwili myeupe, foromali likapinda juu kama linavyopinda kwenye ile picha, na kwa mbali, bila ya kitu cha kulinganishia, hukuweza kusema ni dogo. Mafundi waliacha nyundo. Ami alirudi akasimama pembeni yangu, mikono nyuma.

"Si nilikwambia? Farumi."

"Kweli, Ami."

Lilipofika mbali kiasi cha kunitia wasiwasi, niligeuza usukani lirudi. Hapo ndipo nilipojua swali la kibandani halikuwa dhihaka.

Kurudi kulitaka kubisha, yaani kuukabili upepo kwa kupindapinda, na tanga la jahazi si kama la yoti, ambalo hugeuka lenyewe upande huu na huu. Foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti, ule wa chini ya upepo. Ukitaka kugeuza upande, nahodha hulizungusha jahazi kwa tezi, yaani kwa nyuma, mabaharia hulisimamisha foromali wima sambamba na mlingoti, wakaikamata ncha yake ya chini wakaipitisha mbele, wakalivuta tanga zima ng'ambo ya pili, huku mtu anapiga kelele na mwengine anakaribia kutupwa majini. Ni kazi ya watu sita, saba. Mimi nilikuwa na sevo mbili na vidole gumba viwili. Niligeuza chombo, na foromali likabaki pale pale, tanga likajibandika kwenye mlingoti kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, limegawika matumbo mawili. Jahazi lilielekeza omo kwangu na huku linakwenda kinyumenyume, kuelekea kisiwa cha Changuu.

Utotoni tulichonga vingalawa, ndala zilizokatika ndiyo ndubi na mfuko ndiyo tanga. Tulivifunga tanga mara moja, tukavikimbiza ndani ya maji mpaka vikome, kisha tukavibeba mkononi kurudi navyo. Miaka yote hiyo ya kucheza na upepo, sikuwahi hata siku moja kumrudisha chombo aliyekwenda nao.

"Linapotea, Ami."

"Unalirudisha wapi?"

"Hapa!"

"Nani kakwambia lirudi hapa?" Alinishika bega akanigeuza uso kaskazini. "Pale ni nini?"

"Mtoni."

"Upepo unakataa hapa, haukatai Mtoni. Rejesha tanga lilipokuwa, mshushe, halafu mlaze kulia polepole. Usimbishishe. Hana watu."

Nililirudisha jahazi upande wake lilioondokea. Tanga likajaa kwa mlio nilioweza kuusikia, au nilidhani nimeusikia. Nikalilaza kulia kidogo kidogo, upepo ukahama kutoka tezi kuja ubavuni, nikavuta demani kila Ami aliponyanyua kidole, nikalegeza alipokishusha. Tulitembea hivyo ufukweni, mimi macho baharini nikijikwaa kwenye kamba za nanga na mizizi, yeye akinivuta mkono wa shati kama kipofu. Watoto walitufuata. Hapo katikati betri ya rimoti ilianza kulia, mara moja kila dakika, na Ami akauliza huyo ndege gani.

Jua lilikuwa linazama lilipokaribia. Kwenye maji ya kifundo cha mguu lilisimama ghafla, likainama, likakwama. Mguu ulikuwa umegusa mchanga. Ami aliingia na kanzu yake, akalinyanyua, na pale chini, ukichuruzika maji mbele ya watoto wote, mguu wangu wa bati ukaonekana na kilo zake mbili za risasi.

Aliutazama. Akaupima kwa kiganja.

"Kumbe hii ndiyo farumi."

"Nisamehe, Ami."

"Ungelitia mrefu zaidi," alisema.

Tulirudi kwa daladala la 502. Lilijaa, kwa hivyo Ami alilipakata jahazi, foromali likitokeza dirishani. Njia nzima alikuwa anachungulia ngamani, kwenye ile mifuko ya plastiki iliyokaa mahali pa boriti. Konda alipofika kwetu alihesabu: mmoja, wawili, akagusa mlingoti, watatu.

"Jahazi halilipi nauli," Ami alimwambia. "Jahazi ndilo linalotoza."

Konda alicheka sana. Nauli ya mtu wa tatu aliichukua.